Ziba Kila Tundu

Batsinda, Jumapili 2 Machi 2025

Wifi Kabagwira,

Salamu sina, kwa hiyo sitajifanya ninazo. Tangu Ijumaa nimekupigia simu mara kumi na moja na hupokei. Mama hana simu yake, unajua, kwa hiyo hata yeye siwezi kumpigia. Jana nilipanda pikipiki ya Usumani mpaka Rebero, na mlinzi wako Sangwa akaniambia kupitia tundu la geti, "Mama, hapa hakuna mutu." Nyuma yake nilimsikia jogoo wangu anawika. Jogoo wangu, wifi! Yule hajui kudanganya.

Basi naandika. Usumani atakuletea barua hii pamoja na trei ya mayai, maana mayai yangu hujawahi kuyakataa.

Ulikuja Alhamisi nikiwa Nyabugogo nanunua pumba. Ukamchukua Mama na kuku wake sita, ukaondoka. Miaka kumi na minne nimekaa na mama yako nyumba moja, mitatu kati ya hiyo tangu kaka yako Rwema afariki, na hakuna aliyewahi kunisikia nikisema nimechoka. Nimerudi na gunia langu, nimekuta kitanda chake kimetandikwa na chumba kimefagiliwa. Hata mwizi wa kuku huacha manyoya.

Ninataka kitu kimoja tu: Mama arudi nyumbani kwake. Ninataka arudi wiki hii.

Na kwa kuwa najua hujui: yule tetea mwenye shingo tupu alikuwa na siku tano tu juu ya mayai kumi na mawili. Kuku anayeatamia hahamishwi. Mtoto mdogo analijua hilo.

Claudette, mke wa kaka yako


Rebero, Jumatano 5 Machi 2025

Claudette,

Kama huna salamu, mimi ninazo, nilifundishwa nyumbani. Hujambo.

Mama ni mama yangu. Alinizaa Karagwe, ugenini, bila mkunga, na akanisomesha kwa kuuza ndizi. Siombi ruhusa ya mtu kumleta kwangu. Unasema "nyumbani kwake". Nyumba ile ilikuwa yake kwa sababu ya Rwema, na Rwema hayupo. Sitaongeza neno hapo. Unajua mwenyewe kwa nini nilichagua saa ambayo haupo.

Hapa ana chumba kizuri jirani na chetu, maji ya moto, blanketi la sufu ambalo mume wangu Mutsinzi alilinunua kwa ajili yake. Hakosi kitu. Ni kweli hataki kukaa nasi mezani. Kila tukimwita anasema ameshiba. Nikimuuliza kama ana baridi anasema yuko sawa. Lakini kila asubuhi namkuta kwenye stoo ya nyuma, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anazungumza na kuku! Mwanamke wa miaka sabini na tisa, mama wa mwalimu mkuu. Ndiyo elimu uliyompa Batsinda hiyo?

Na huyo kuku wako asiyehamishwa ametulia juu ya mayai yake kama malkia. Labda na yeye alikuwa amechoka kukaa kwako.

Kabagwira


Batsinda, Jumapili 9 Machi 2025

Wifi,

Mama hali, na wewe unaniandikia hilo kama mtu anayetangaza hali ya hewa? Kwangu anakula sahani mbili za maharage na ananiuliza kama sufuria imebaki na ukoko. Unamlisha nini huko? Au unampimia?

Na kama anasema hana baridi, usimwamini. Mama hajawahi kusema ana baridi tangu nimjue. Siku ya mazishi ya Rwema alisimama kwenye mvua hadi kitenge kikamganda mwilini, na akasema yuko sawa. Batsinda nyumba zimebanana, ukuta wa jirani ni kama mgongo wa mtu. Huko kwenu upepo unapanda kutoka bondeni na hakuna wa kuuzuia. Mvua za itumba, yaani masika, ndizo hizi zinaanza. Mfunike kifua, umpe chai ya tangawizi, usimpe maneno.

Unaposema "unajua mwenyewe", sijui unasema nini. Ukiwa na neno liseme.

Nimerudi tena Jumatano getini. "Hakuna mutu." Mwambie Sangwa dhambi zake zinaandikwa kwa jina lako.

Claudette


Rebero, Alhamisi 20 Machi 2025

Claudette,

Naandika kwa sababu Mama amesema nikuulize. Mimi nisingekuuliza hata njia ya kwenda kanisani.

Vifaranga walitoka Jumamosi, tisa kati ya mayai kumi na mawili. Mama alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu aje, na nitakuwa mkweli, nilikasirika kwamba kuku wamefanya kwa asubuhi moja kile nilichoshindwa kwa wiki mbili. Lakini alicheka.

Jana asubuhi mbwa wa Mutsinzi alikata mnyororo. Tetea alimkabili, akafungua mabawa, hakukimbia. Mbwa akamuua mbele ya Mama. Vifaranga tisa wamebaki, wana siku tano, na mvua haijakatika tangu alfajiri. Usiku wa jana Mama alikaa nao kifuani, ndani ya kitenge chake, hakulala. Anasema kuku wenye mama yao anawajua, lakini mayatima ni kazi yako, wewe ndiye uliyewalea kwa jiko miaka yote.

Basi sema hilo jiko linafanywaje. Sema kwa kifupi, mahubiri sihitaji.

Kabagwira


Batsinda, Ijumaa 21 Machi 2025

Wifi,

Mbwa! Kuku aliyesafiri akiwa juu ya mayai na hakuyaacha, amekwenda kufa kwa meno ya mbwa wa Rebero. Mwambie Mama nimemlilia yule tetea. Kweli nimemlilia, hapa jikoni, mikono ikiwa na sabuni.

Sasa sikiliza, na usifanye kiburi na mambo haya.

Wasikae sakafuni. Saruji inanyonya joto kuliko mvua. Tandika maganda ya mpunga, unene wa vidole vitatu, ukikosa tandika maranda ya seremala. Zungushia boksi la karatasi ngumu, duara, bila kona, maana wakisikia baridi hurundikana kwenye kona na wa chini hufa kwa kukanyagwa. Katikati weka jiko la mkaa. Mkaa uwashe nje mpaka uwe mwekundu wote, usiingize moshi, kisha funika jiko kwa chungu kilichotobolewa ili asiungue mtu. Maji yawe ya vuguvugu, na sukari kidogo leo na kesho. Chakula chao kiwe laini. Ukikosa, chemsha yai ulisage.

Kipimo cha joto ni wao wenyewe. Wakijibana karibu na jiko wakilia kwa sauti kali, wana baridi, ongeza mkaa. Wakikimbilia ukingoni wakihema midomo wazi, punguza. Wakitawanyika na kulia taratibu, kama wanawake wanaosengenya, wako vizuri.

Na upepo! Kifaranga anaweza kuvumilia njaa, upepo hauvumilii. Upepo wa Rebero ndio adui yako, siyo mbwa. Ziba kila tundu, hata la ufunguo.

Mpe Mama barua hii aisome mwenyewe. Wewe utaruka mistari.

Claudette


Rebero, Jumatatu 31 Machi 2025

Claudette,

Vifaranga wako wamekufa. Wanane. Jumamosi alasiri, wote kwa mara moja, baada ya wiki nzima ya kuamka mara tatu kwa usiku kuongeza mkaa kwa maelekezo yako ya kifalme. Amebaki mmoja tu na sijui kama atafika kesho.

Nimeuliza mtu anayejua mifugo. Ameniambia vifaranga hawafi hivyo ila kwa ugonjwa waliozaliwa nao. Kwa hiyo mayai yako yalikuwa na kideri. Ulijua banda lako lina ugonjwa ukanyamaza, na Mama amewalea kifuani viumbe waliokwisha oza. Sijui kama ulikusudia. Nakujua kwa hasira, sikukujua kwa roho mbaya. Sasa sijui.

Usimtume Usumani na mayai. Sitayala.

Mama hajambo. Amepumzika.

Mwalimu Kabagwira


Batsinda, Jumanne 1 Aprili 2025

Kabagwira,

Leo sikuiti wifi.

Kuku wangu wote wamechanjwa, na wenzao walio hapa wanakula na kutaga kama kawaida. Kifaranga wa kideri hupinda shingo, hupooza miguu, huharisha kijani, na hafi saa moja na wenzake. Hufa leo mmoja, kesho wawili. Kifaranga wa baridi hufa kwenye lundo. Nilimuuliza Usumani, maana Sangwa wako alimwita stoo achukue boksi la vifaranga akalitupe. Akaniambia, "Mama, mimi niliona. Hawakuwa pamoja. Kila mumoja iko peke yake, amelala kama iko anaota jua. Hakuna uchafu."

Unajua ni nini hicho? Ni hewa ya mkaa. Haina rangi wala harufu. Hata mkaa ukiwa mwekundu kabisa, bila moshi, inatoka, na nyumba ikiwa imefungwa inaua kila chenye pumzi, mdogo kwanza, mkubwa baadaye.

Na Usumani akaendelea, mimi nikiwa nimeshika mlango: "Na kitanda ya mukecuru iko ndani ya ile stoo. Godoro, blanketi, yote. Lakini yeye mwenyewe sikumuona."

Kwa nini kitanda cha Mama kiko stoo? Una vyumba vinne! Umemweka mama yako alale na kuku? Na kama alikuwa anakaa mle, Jumamosi alasiri alikuwa wapi? Usiniambie amepumzika. Maiti ndio wanaopumzika.

Mama yuko wapi? Nijibu leo leo, au nakuja kupanda ukuta wenu na mbwa wenu anile.

Claudette


Rebero, Jumatano 2 Aprili 2025

Claudette,

Yuko hai. Nimeanza na hilo ili upate kukaa chini.

Jumamosi tulikwenda kwenye posa ya mpwa wa Mutsinzi. Mama alisema hawezi kuacha vifaranga. Saa tisa mvua ya mawe ilianza. Tulipofika saa kumi na moja, Sangwa alikuwa amemkuta amelala kifudifudi nje ya mlango wa stoo, nusu ya mwili ndani ya maji, anatapika, na kifaranga mmoja mkononi. Tulimkimbiza hospitali. Wamempa hewa ya mtungi kwa siku mbili. Daktari alisema nusu saa zaidi tusingemkuta. Tangu jana yuko nyumbani, kichwa kinamuuma, na hasemi na mtu.

Nilikudanganya kuhusu kideri. Hakuna mtu wa mifugo niliyemuuliza. Nilihitaji liwe kosa lako, kwa sababu nilikuwa nimevaa mshanana wa sherehe na nakula keki wakati mama yangu anakufa. Hilo nimelisema, na sitalirudia.

Na godoro sikulipeleka mimi. Alilibeba mwenyewe siku tetea alipouawa. Nilimkataza, nikalirudisha, akalibeba tena. Nikasema basi, ni uzee.

Lakini sasa ni zamu yako. Barua yako ya tarehe ishirini na moja Mama aliipigilia msumari ukutani mle stoo, juu ya kitanda. Jana nimeing'oa. Nakunakilia, maana pengine umesahau mwandiko wako: "Ziba kila tundu, hata la ufunguo." Nimeisoma mara tano nikitafuta mahali uliposema acha dirisha, acha hata upenyo wa hewa. Hapapo. Mama amekutii. Blanketi la Mutsinzi alilisokomeza dirishani, kanga chini ya mlango, na tundu la ufunguo alilijaza sabuni. Sabuni, Claudette! Nimeitoa kwa kijiti nikilia.

Miaka yote unalea vifaranga kwa jiko na hajafa mtu. Kwa hiyo unajua kwamba hewa lazima ipite. Kwa nini hukuandika?

Na kwa kuwa ulisema nikiwa na neno niliseme: najua kuhusu Nduwayo. Fundi wa Bujumbura, mgane, anakuja kwako kila Jumapili na kutoka jioni. Niliambiwa mwezi wa pili na mtu aliyewaona. Ndiyo maana nilimchukua Mama. Sikutaka akae kwenye nyumba ya mwanawe kama mpangaji wa mwanamume mwingine. Ungeniambia wewe mwenyewe nisingekuja kama mwizi.

Kabagwira


Batsinda, Alhamisi 3 Aprili 2025

Wifi,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Nimekwenda nyuma ya nyumba nikalitazama lile dirisha.

Ndiyo, liko dirisha. Banda langu lina dirisha refu jembamba chini ya bati, juu kabisa, upepo haumgusi kifaranga lakini hewa ya mkaa inatoka. Ndilo linalowafanya waishi. Lilikatwa mwaka jana mwezi wa tisa, na aliyelikata ni Nduwayo. Kabla ya hapo niliwalea barazani, kwenye uwazi.

Nilipokuandikia siku ile nilifika kwenye dirisha, nikaandika "juu acha", nikafuta. Kwa sababu nilijua utauliza: dirisha gani, nani amekukatia dirisha, fundi gani, wa wapi. Nikasema moyoni, wataona wenyewe, stoo lazima ina upenyo mahali. Niliruka dirisha ili nisimtaje mtu. Nikaandika ziba kila tundu kwa sababu nilikuwa na hasira na nilipenda jinsi sentensi ilivyosikika.

Nimemwua Mama nusu ili mdomo wako usipate la kusema. Nichukie, una haki. Nami nakuchukia kidogo kwa sababu uliniogopesha kiasi hicho.

Nduwayo amenitaka tuoane. Sijamjibu. Nina miaka arobaini na mitatu, na kila Jumapili akiondoka naosha kikombe chake upesi kabla Mama hajatoka chumbani. Sikumficha kwa sababu ya aibu. Nilimficha kwa sababu nikiolewa, nyumba hii haitakuwa tena ya Rwema, na Mama hatakuwa na sababu ya kukaa nami. Ningebaki na mume na kukosa mama. Wa kwangu nilimzika Bujumbura nikiwa na miaka tisa. Sikuweza kuzika wa pili.

Kama hataki kurudi nitaelewa. Mwulize tu. Au usimwulize, mwambie nimesema nisamehewe.

Claudette


Rebero, Jumamosi 5 Aprili 2025

Kabagwira na Claudette,

Barua hii nimeiandika mara mbili, kila mmoja apate yake, asiwepo wa kusema mwenzake amepewa maneno matamu. Matamu humu hamna. Kuandika nilijifunza utu uzima, Karagwe, darasa la jioni, Rwema akiwa mgongoni, na sikujifunza ili nije nisome matusi ya watoto wangu. Barua zenu nimezisoma zote. Kabagwira unaziacha juu ya friji, na Claudette anaacha zako kwenye mfuko wa trei, Usumani ananionyesha.

Barua tisa! Mmeandika mbwa, mmeandika maharage, mmeandika sabuni. Hakuna hata moja inayosema, Mama, wewe unataka kukaa wapi? Nimekasirika mpaka kichwa kimeacha kuuma.

Kabagwira, umefundisha watoto wa watu miaka thelathini, wa nyumbani hukumwona. Mimi sijawahi kula mbele ya mume wa binti yangu, ni mwiko wetu, wala kulala chini ya bati lake kabla hujanileta. Mama yangu hakufanya hivyo, na mama yake hakufanya. Mutsinzi ni mtu mwema, ananisalimia kwa mikono miwili, lakini nikimsikia anakohoa upande wa pili wa ukuta usingizi unakimbia. Wewe ukanipa chumba jirani na chake, ukaniwekea sahani yangu ikitazamana na yake. Ningekuambiaje? Ningesema siwezi kulala kwako, ungesikia kwamba sikupendi. Kwa hiyo nilisema nimeshiba. Nilikuwa nakula na Sangwa, jikoni, mkishaondoka. Na yule tetea alipokufa nikapata la kusema: vifaranga wanahitaji mtu. Nikabeba godoro. Wale vifaranga walinipa ruhusa ya kutoka nyumbani mwako bila kukutukana.

Claudette, wewe ulijua. Krismasi ngapi tumekuja hapa pamoja, na ngapi umeniona nikitia kitu mdomoni kabla hatujarudi Batsinda? Ulijua, na bado ukaandika kwamba wananipimia chakula. Hasira ikila macho haibakishi.

Siku ya mvua ya mawe nilisoma karatasi yako kama nilivyosoma kila siku. Nikaziba. Nikalala kidogo. Kifaranga mwenye afya hanyamazi, hata akilala ananong'ona. Sauti ile nilikuwa nimeizoea. Kilichoniamsha ni kimya. Nikataka kusimama, miguu haikuwa yangu. Nikatambaa, nikamwokota yule aliyekuwa karibu na mlango, tukatoka wawili. Wenzake wanane walikufa kwanza ili nisikie. Msije mkasema mbele yangu kwamba ni kuku tu.

Na huyo Nduwayo, mnamficha nani? Siku alipokata lile dirisha, aliyemshikia ngazi ni mimi. Claudette ulikuwa sokoni. Mwezi wa kumi na mbili alikuja kwangu kabla hajakwambia lolote, akapiga goti kwenye saruji, akasema hana wazazi na hajui aanzie kwa nani. Nikamwambia aanze kwako, na wewe utakuja kwangu. Tangu hapo nangoja uje. Kila Jumapili nakaa chumbani hadi umalize kuosha kikombe chake, kwa sababu naona unavyokimbia.

Sasa nisikilizeni. Narudi Batsinda. Lakini Claudette, nikikuozesha kama binti yangu, Nduwayo anakuwa mume wa binti, na mimi nitabeba tena godoro. Nimeliwaza jambo hili siku nne kitandani. Kwa hiyo upande wako sitakaa. Nitakaa upande wake. Mwezi wa sita tutakwenda Nyamirambo kwa wajomba zako, mimi nikiwa mama wa bwana harusi, na nitakuomba tena kama nilivyokuomba kwa ajili ya Rwema. Mwanamke mmoja nitamposa mara mbili. Watakaocheka wacheke. Nduwayo akiwa mwanangu, nitakula mbele yake na nitaramba sahani.

Nimemtumia neno na Usumani. Amekubali kabla Usumani hajashuka kwenye pikipiki.

Kabagwira, mwanangu anapooa dada yake ni wewe. Utabeba kikapu, na utatabasamu.

Kesho baada ya ibada Mutsinzi ananipeleka kwa gari. Kabagwira utakaa nyuma na boksi la kifaranga mapajani, kioo kikiwa wazi. Geti la Batsinda halina mlinzi, utaingia. Yule jogoo ambaye Claudette anasema ni wake nitamchinja, amezeeka na amewika vya kutosha. Claudette, weka maji motoni tangu asubuhi. Mtamnyonyoa ninyi wawili, beseni moja. Hasira mlizobakiza msiziache nyumbani, njooni nazo. Manyoya ya jogoo mzee hayang'oki kwa mkono wa mtu mpole.

Mama yenu,
Mukarugwiza